Kauli ya Kutendeshwa

Mlituita saa nne, tukaja saa nne.
Nyinyi mkafika saa saba, na soda zimeshapata moto.
Tukajiandikisha: jina, simu, kitongoji.
Bi Nyamvua akatia dole gumba,
wino ukamganda hadi sahani ya futari.
Kwenye ripoti mkaandika: *jamii imeshirikishwa.*

Nimefundisha Kiswahili hapa Tongoni miaka ishirini na sita.
Kitenzi kikivaa *-shwa*,
mtendaji kajificha mahali.

Nani alichimba mabwawa nyuma ya mikoko,
pale kwenye jangwa la chumvi pasipoota hata ndago?
Nani aliteka vifaranga vya mwatiko vidimbwini, maji yakikupwa,
kwa chandarua cha msaada kilichokatwa kati,
vifaranga kama sindano zenye macho?
Watoto wa Hiza, na mama yao.
Nani alikesha akizomea kulastara?

Mavuno ya kwanza, mizani ikaja na gari la barafu,
ikaondoka na gari la barafu.
Tukaachiwa waliochubuka magamba.
Tukakaanga, tukala.
Mwatiko ana miiba mingi,
humfanya mlaji anyamaze.

Ndipo likaja bamvua la Machi.
Saa nane usiku, simu ya meneja:
"Tuta la tatu linavuja, waite wanajamii!"
Nikawasha taa. Nikafungua kauntabuku.
Fungu letu ngapi kwa mia? Taja, naandika.
Akasema, tutajadili.
Nikanyamaza. Nyuma yake
maji yalikuwa yanajadili yenyewe.
Akataja kumi. Nikaikohoa.
Tukapatana thelathini, na mizani ikae kwangu.

Tukaenda na viroba na makumbi,
matope kiunoni, Hiza na ubao wa lango mgongoni.
Bi Nyamvua, aliyeokota chaza pale tangu usichana,
akatuonyesha kwa fimbo mkondo wa zamani:
"Hapa. Maji hayasahau kwao."
Hata hivyo nusu ya bwawa ilikwenda baharini.
Sitaandika vingine.

Sasa mizani i chini ya kitanda changu.
Mjukuu hujipima kila Ijumaa: kilo kumi na tisa na robo.
Thelathini bado haijapigwa mhuri.
Jana imeletwa ripoti mpya, maneno yale yale.
Nimechukua kalamu nyekundu, nikafuta *-shwa*.
Imebaki: *jamii imeshiriki.*
Nimewapa sita kwa kumi,
nikaandika pembeni: *Njoo unione.*