Santuri ya Tatu

Limefika posta ya Dodoma, kilo sita,
ushuru nimelipa kwa fedha ya mashudu.
Santuri kumi na nne: bendi nzima ya Waingereza,
tangu wakiwa vijana wenye chunusi
hadi mpiga ngoma alipoanza kulalamikia mgongo.

Humo wametia hata makosa.
Gitaa linakatika uzi, mtu anacheka,
mwingine anakohoa, wanaanza upya.

Baba, Chidawali wa reli,
alikuwa na wimbo wao mmoja tu,
kanda aliyoinasa redioni, nyumba ya Kizota,
dirisha wazi kwa ajili ya joto.
Katikati treni ya mizigo inapita
na mama anauliza
nani kala karanga za mbegu.

Jana nimeusikiliza, santuri ya tatu.
Safi. Umeoshwa. Kila uzi unasikika.
Nikafika pale pa treni,
nikangoja.
Gitaa likaendelea peke yake
kama mtu asiyejua kwamba kwetu kuna reli.

Nimelipandisha sanduku juu ya kabati.
Sasa natafuta kalamu ya biki,
ile ya pembe sita,
nizungushie kanda.

Karanga nilikula mimi.