Kumi na Nne Wima

Gazeti la Jumamosi hufika Moshi limechoka,
limelala kwenye buti la basi la usiku chini ya ndoo za dagaa.
Kundasai hulikata kamba pale karibu na mnara wa saa,
la kwangu akalichomoa katikati ya bunda
ambako kona hazijaota masikio.
Siasa sisomi. Nageuza hadi nyuma,
chini ya matangazo ya vifo,
ambapo mtu anayejiita Nungunungu
amechimba mashimo yake, meupe na meusi.

Miaka thelathini na mmoja nilionja kahawa ya mnadani.
Kijiko, mvuto mmoja wa kelele, mate ndooni, alama.
Wakulima wa Kibosho waliujua ulimi wangu
kabla hawajaijua sura yangu,
na tisini sikuwahi kumpa mtu.
Nilipostaafu ulimi ukakosa kazi.
Nikauhamishia hapa:
daftari la mistari, penseli, kifutio,
na kila Jumatatu barua kwa mhariri.

*Mke wa kwanza duniani, ukimdogosha, huchemshwa asubuhi. Herufi sita.*
Hawa. Ka-Hawa.
Nilicheka mpaka jirani akauliza kuna nini.
Themanini na mbili: safi, haina moshi wa kuni.

*Kimo shimoni, mji. Tano.*
Huo uliniumiza siku mbili.
Nilitembeza kidole kwenye ramani hadi Kigoma
nami nimekaa ndani yake,
vumbi lake kwenye kandambili zangu:
ki-MO SHI-moni,
umekatwa katikati kama muwa.
Themanini na tano. Nikatema,
kisha nikajuta kutema.

Lakini alipoleta *Mnyama juu ya nyumba, tatu*
sikumhurumia.
Paa! Mtoto wa darasa la tatu anajua
kwamba paa hukimbia na paa huvuja.
Niliandika: kahawa ya jana, imepashwa.
Na wiki aliyoongeza irabu ili safu ijae
niliandika kwa wino mwekundu:
Miraba si wageni, Nungunungu,
hulazimiki kuishibisha.

Mhariri hakujibu kamwe.
Nungunungu naye kimya.
Ila tangu hapo irabu zilikaa vitini mwao.

Sasa, Jumamosi iliyopita.
Kila kitu kilijaa kabla ya chai ya saa kumi
isipokuwa kumi na nne wima:
*Amri kwa umati: pongezeni! Mwenyewe hajaitii. Sita.*
Nilikuwa na I, nikawa na U, na I nyingine mwishoni,
na katikati yao matundu, kama meno ya mjukuu.
Nilijaribu *shukuni*, neno ambalo halipo.
Nililala nalo.
Jumapili nilikwenda nalo ibadani,
na nadhani tuliliimba, mara nne au tano,
mimi nikiwa sauti ya pili,
nikihesabu herufi kwa vidole ndani ya kitenge.

Jumatatu jioni msoma mita alisimama getini,
kijana mgeni, karatasi mkononi:
"Hapa ndipo kwa Bi. Sifuni?"

Sikumjibu haraka.
Mbwa alibweka, maji ya mfereji yalipita,
Kibo ilitoka kidogo kwenye mawingu ikarudi.
Miaka sita ya barua,
na mtu mmoja mahali fulani alikuwa akisoma
hadi chini, hadi kwenye sahihi.

Niliiacha penseli. Nilitafuta kalamu ya wino
kwenye droo ya betri na risiti.
S. F. N.

Safu ya alama bado iko wazi.
Niliandika tisini, nikafuta.
Niliandika themanini na tisa, karatasi ikaanza kutoboka.
Nikarudi kwenye swali lenyewe, kwa miwani:
*hajaitii*.
Irabu mbili mwishoni.
Ni sahihi. Nimekagua.