Mnaona Skrini Yangu?

Saa mbili usiku, Langoni,
ukuta wa matumbawe bado una joto la mchana,
nami niko darini, waya masikioni.
Mhadhiri anakohoa huko Nairobi:
"Mnaona skrini yangu?"
Sauti arubaini na mbili: "Tunaona."
Nami husema tunaona. Ni adabu tu.

Kwetu Amu, chuo ni kitabu;
wazee walisema vyuo wakikusudia kurasa.
Hiki kikuu wamekipiga picha, jani kwa jani,
wakanitumia. Simu inakifungua, inapapasa,
inaniambia: Picha.
Jani la pili: Picha.
Jani la mia na kumi: Picha, haina maelezo.
Nimelipia karo picha mia na kumi.

Ikiokota maneno, huyasoma kigenigeni.
Ng'ombe humtamka kama mgonjwa anayepiga chafya.
Lali, jina langu mwenyewe,
hulipindua hata nisiitike.

Na mlango wa mtihani una bawabu:
Thibitisha kuwa wewe ni mtu.
Chagua picha zote zenye taa za barabarani.
Nikamwita Somoe wa nyumba ya pili,
mikono yanuka hina na mafuta ya karafuu.
"Somoe, taa za barabarani zikoje?"
Akanyamaza. Chini, punda alipita,
shogi lake likikwaruza ukuta.
"Lali, mimi sijavuka maji.
Nizijulie wapi?"
Tukacheka hadi machozi,
watu wawili tusiothibitika.

Lakini ni yeye aliyerudi na koni ya hina,
akasema, haya, huo mchoro wa ugavi na mahitaji
umekaa vipi? Akautazama kwenye simu,
akautia juu ya manila, mzito, tuta kwa tuta,
akausogeza karibu na feni.
Sikungoja ukauke. Nikaweka kidole.
Mstari mmoja unapanda, mwingine unateremka
taratibu, kama vidato vya ngazi yetu
vilivyolika katikati.
Palipokutana, pana kitone. Amekitia makusudi.
"Hapo," akasema, "ndipo mimi na mama wa bibi harusi
huacha kuvutana."
Skuli aliiacha darasa la saba, huyu.

Chuo kikaniongezea nusu saa ya mtihani,
kwa barua yenye muhuri.
Barua nayo ilikuwa picha.

Jana mhadhiri akauliza tena: "Mnaona?"
Nikafungua maiki kabla ya wenzangu.
"Sioni, mwalimu. Tangu Januari."
Kimya. Nikasikia saa ya ukutani mwake.
Kisha akaanza, akisitasita,
kama mtu anayeshuka ngazi gizani:
"Kuna mstari... unaanzia juu, kushoto...
halafu... nisemeje... unalala kidogo..."

Nilikuwa nimeshaushika.
Nikamwacha aje polepole, anikute kwenye kitone.

Leo sokoni wananishika mkono, wananiuliza:
kidole kimoja tu, chekundu hivi,
ni harusi ya nani?