Mkanda wa Tano

Kaka yangu Vendelín hali wala halii akiwa na huzuni,
hukaza vitu.
Juzi alikaza bomba la jikoni hadi likapasuka.
Leo asubuhi, hapa Vsetín, barafu bado inaning'inia ukingoni mwa paa,
yumo ndani ya gari langu la mkate
anaikazia mkanda Jawa nyekundu ya mwaka sabini na nne,
krr, krr, krr,
kama mtu anayesaga meno usingizini.

"Basi," nikamwambia. "Unaikaba."

Miaka thelathini nimesambaza mikate,
najua mzigo unavyotoroka:
si kwenye shimo unaloliona,
ni kwenye kona ile dereva ameshaanza kuwaza chai.
Lakini pikipiki si kreti. Ina magoti.
Shokamzoba za mbele zishushe nusu, zisigote chini.
Njia ya Opava ina mabonde,
na kisichoweza kuinama hata kidogo
huvuja oili kabla hakijafika.

Tukaanza upya.
Gurudumu la mbele likagusa ubao ulio nyuma ya kiti changu.
Stendi juu, isije ikabeba uzito usio wake.
Petroli imefungwa. Gia ya kwanza.
Vitanzi vya kitambaa shingoni mwa usukani,
maana kulabu ya chuma haina adabu mbele ya rangi,
na rangi hii aliipaka mwenyewe, mara tatu,
kiangazi kile Mama alipolazwa.
Kushoto kidogo, kulia kidogo,
mbele na chini, mbele na chini,
mpaka ikasimama wima yenyewe
katikati ya harufu ya unga.
Mikanda miwili ya nyuma haihitaji nguvu,
kazi yake ni kuikataza isicheze kiuno.
Ncha zilizobaki nikazipiga fundo;
ukiziacha zitagonga bati safari nzima
nawe udhani kuna mtu anabisha hodi.

Daktari wa macho kule Zlín alimwambia kwa upole,
na upole ule ndio uliomuudhi.
Katikati ya kila anachokitazama sasa
kuna tone la moshi.
Barabara anaiona pembeni tu,
pale penye majani.

Kilomita ya kumi na mbili nikaegesha kando ya mto Bečva.
"Tumesahau nini?"
"Hatujasahau. Tunaangalia."
Mkanda ukiwa bado uani husema uongo,
ukweli wake hutoka baada ya kutikiswa.
Alifumba macho, akapapasa yote minne,
akaukuta wa kushoto umelegea kwa upana wa kidole,
mimi nilishautazama nikauita mzima.
Krr.
Mara moja. Akauondoa mkono mwenyewe.

Mnunuzi, Radmila, ni fundi wa lifti,
glavu zake zimetoboka vidole viwili.
Hakuomba apunguziwe bei.
Alipanda garini kwa furaha akafungua mkanda wa mbele, wa kushoto,
kwanza,
na Jawa ikalala upande.

Sikuona alivyofika.
Bega lilikuwa tayari chini ya tangi,
mkono umeshika kiti.
"Nyuma kwanza," alisema, akihema.
"Halafu mbele, upande mmoja, na mtu awe ameshika."
"Ashike mpaka lini?"
Hakumjibu.
Nikafungua iliyobaki, mmoja mmoja,
mpaka hapakuwa na kitu kilichoishikilia ila yeye.

"Nimeishika," Radmila akasema.
Akangoja. Akasema tena, polepole.

Debe tupu haliachi kuvuma:
gari lilipiga kelele mpaka Vsetín,
mikanda minne imekunjwa ndani ya kreti.
Hatukuzungumza.
Ila kila kona
mkono wake uliinuka kutoka gotini,
ukashika hewa nyuma ya kiti,
ukarudi.