Pacha wa Droo

Kanuni ya kwanza: usifute.
Shakwe akinya juu ya kipande, andika tarehe, andika "shakwe".
Mvua itafuta ikitaka.
Ndivyo Sabela Outeiro alivyonipokea kazini
mwezi wa Novemba, kwenye pwani ya Galisia,
ambako mvua haipigi hodi
kwa sababu haijawahi kuondoka.

Fremu arobaini za chuma zinaelekea kusini,
zimeinama kwa pembe moja
kama safu ya watu walioganda kwenye rukuu.
Juu yake tumefunga vipande:
mguu wa kiti cha bustani, bomba la maji,
ubavu wa boti ya wavuna kome,
ncha ya bawa la mtambo wa upepo, pana kama mlango.
Hatuvifanyi kitu. Tunaviacha.
"Nyumbani wakikuuliza kazi gani," alisema,
"waambie unalipwa kutazama."

Jua la huku ni haba.
Lakini haba na haba si hujaza tu kibaba, humaliza pia.
Linakata minyororo isiyoonekana, pingili moja moja,
hadi plastiki iliyokunjika kama ulimi
ivunjike kama biskuti.
Ukipitisha kidole (nilipitisha, hakuniona)
unabaki na vumbi jeupe, kama mwalimu.
Chumvi inakuja baadaye. Maji yananyata
kati ya uzi wa kioo na gundi iliyoushika,
na ndipo ndoa inapoanza kufa:
hakuna ugomvi, ni unyevu tu.

Kila kipande cha nje kina pacha wake ndani,
kwenye droo, ndani ya kitambaa cheusi.
Kurwa na doto, kalibu moja, siku moja.
Mmoja tunampeleka uwanjani,
mwingine tunamficha,
ili siku ya hesabu tujue kilichoibwa.

Siku yake ya mwisho kazini
Sabela alifungua namba 417,
aliyoifunga kwa mikono yake wiki aliyoajiriwa,
miaka thelathini na mmoja nyuma.
Wa nje alikuwa wa kijivu, nyuzi zimesimama
kama mvi za mtu aliyetoka kuamka.
Hilo tulilitegemea.
Kisha akafunua kitambaa.

Wa droo alikuwa wa manjano.
Manjano ya jino la mvuta tumbaku.
Bila jua, bila mvua, bila shakwe.
Sabela alimgeuza, akamrudisha, akamgeuza tena.
"Huyu," akasema, "nilidhani tumemwokoa."

Alasiri lori la Uxío lilifika kuchukua waliomaliza zamu.
Kiti cha bustani kina bahati: kitayeyushwa,
kitarudi kuwa chungu cha maua, cheusi zaidi,
na kila akizaliwa upya anapungua kimo.
Lakini ubavu wa boti, lakini bawa,
ndoa ile ya kioo na gundi haijui talaka.
Ukiipasha moto haiyeyuki, inaungua.
Wanaisaga, inakuwa unga,
unga unakwenda kwenye tanuri la saruji,
labda mwishoni ni ukuta wa mtu,
labda ni ngazi ya benki.
Uxío alishika gunia moja, akatia pacha wote wawili.
Mashine haiulizi nani alikaa ndani.

"Ngoja," Sabela akasema.
Akapenyeza mkono guniani, akamtoa wa nje,
yule wa kijivu,
na mbele yangu, mbele ya daftari,
akamfuta.
Taratibu, kwa mkono wa sweta yake ya bluu,
kama unavyomfuta mtoto uso kabla ya wageni.
Akamrudisha gunini. Akanikabidhi funguo.
Akashuka mteremko na doa jeupe kwenye kiwiko,
hakulikung'uta.

Mvua ikaanza, au ikaendelea.
Nikafungua daftari, ukurasa wa 417.
Nikaandika tarehe.
Nikaandika "Sabela".