Gereji Katikati

Walikuja ofisini kwangu Joensuu Jumatatu moja ya Machi,
theluji ingali imeganda kwenye kamba za viatu,
wakaketi, wakaacha kiti kimoja kitupu kati yao.
"Nyumba moja," alisema Sylvi, "milango miwili."
"Na gereji," alisema Tauno.
Hapo tu ndipo walipotazamana.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta:
hawa walikuja kuuagiza,
wameshaujua unene wake kwa sentimita.

Wengine wakiachana hugawana mbao.
Wao walizihesabu zao, wakaona zinatosha kujengea.
Sufuria ziligawika. Vitabu viligawika.
Hata mbwa alipangiwa wiki zake.
Kilichokataa kugawika ni gari la zimamoto,
la mwaka sitini na nne, la mnadani,
walilolinunua kabla hawajapata mtoto
na ambalo hadi leo halijawahi kufika barabarani:
Sylvi injini, Tauno bodi na rangi,
miaka kumi na mmoja, kila Jumamosi,
hata zile Jumamosi ambazo hawakusemezana.

Basi nikachora kinyumenyume.
Gereji kwanza: urefu mita kumi na moja,
mlango wa kimo cha mita tatu na nusu
ili ngazi iliyo juu ya gari isikwaruze.
Kisha nikazipachika nyumba ubavuni,
moja huku, moja kule,
kama masikio ya ndoo.

Fedha zilipopungua, gereji ilikula sauna ya pili.
Kwetu mtu hulala sebuleni kabla hajaacha sauna;
wao walichukua kalamu, wakaandika ratiba.
Waligombana mara moja tu,
juu ya swichi ya taa ya uani, nani aimiliki.
Nikaweka swichi mbili. Taa ikabaki moja.

Oiva, wa miaka tisa, naye alikuwa na ombi.
Alitaka vyumba vyake viwili
viwe na dirisha upande uleule wa kitanda,
ili akishtuka usiku
asilazimike kukumbuka ni wiki ya nani.
Nililisogeza dirisha. Mhandisi alinung'unika
habari ya boriti. Nililisogeza.

Bi Lahja wa vibali alivua miwani.
"Hii ni nyumba yenye gereji,
au gereji yenye nyumba?"
Nikamwambia aandike vyovyote,
mradi muhuri ukauke kabla ya Juni.

Agosti Kauko akamwaga zege,
akalisawazisha akitembea kinyumenyume
hadi likang'aa kama maziwa sahanini.
Kesho yake akarudi na msumeno wa almasi,
akalikata katikati, kutoka mlangoni hadi ukutani.
Oiva alipiga kelele: mbona anaharibu sakafu mpya?
Kauko alizima mashine, akapangusa vumbi usoni.
"Zege litapasuka tu, bwana mdogo.
Kazi yetu ni kulichagulia pa kupasukia."

Januari nilikwenda kwa ukaguzi wa mwisho.
Digrii ishirini na nane chini ya sifuri,
pua inauma, misonobari inalia kwa baridi.
Nikiwa uani nilisikia kitu kikikohoa,
kikafa, kikakohoa tena.
Milango yote miwili ya jikoni ilikuwa wazi,
joto la nyumba mbili likimwagikia gereji moja.
Sylvi, amevaa ndara, kichwa ndani ya boneti.
Tauno, amevaa joho la kuogea, ameshika tochi,
anaambiwa aisogeze kushoto, siyo huko, kushoto.
Oiva kwenye usukani, kofia ya chuma imemziba macho.

Nikapiga goti na tochi yangu.
Mstari wa Kauko ulipita chini ya gari,
magurudumu huku, magurudumu kule.
Zege lilikuwa limepasuka,
ufa mwembamba kama unywele,
palepale ndani ya mstari, haukutoka nje hata kidole.
Oili ilidondoka, ikaufuata polepole.

Injini ikashika.
King'ora nacho kikalia, hakuna aliyejua kukizima.

Kwenye fomu, penye kasoro,
niliandika: hakuna.