Vifungo vya Mtu wa Mizani

Dakika nne tu. Nimezihesabu
kwa saa ya ukutani ya Aikande, isiyokosea
ila mvua ikinyesha.
Dakika nne katika tamthilia nzima ya wauza mawe
waliouana kuanzia Mererani hadi Sakina,
juma baada ya juma, sisi tumekodoa macho
na cherehani zimenyamaza.

Yeye hakuua mtu.
Anaweka jiwe la buluu kwenye mizani,
anasoma, anasema, "Limepungua tangu jana,"
na chumba kizima kinakufa ganzi.
Basi. Anatoka.
Majina yanapopanda mwishoni hana hata la ubatizo:
Mtu wa Mizani.

Sasa wametangaza kwamba watarudi nyuma,
miaka kumi na miwili kabla ya maiti ya kwanza,
na hapa Kiboriloni, baina ya marobota ya mitumba,
kila mmoja ameshamzaa upya.

Aikande anasema alikuwa polisi: tazama anavyosimama,
mgongo ukutani, kama mtu aliyewahi kupigwa kwa nyuma.
Kiondo wa viatu anaapa alikuwa karani wa ushirika,
akipima kahawa ya watu huko Kibosho,
akaona kilo zinaliwa kati ya gunia na daftari,
akasema, akafukuzwa;
au hakusema, akapewa fungu.
"Mkono uliopima cha watu," anasema Kiondo, "hautulii mfukoni."
Si methali, kaitunga palepale,
ila kaitoa kwa sauti ya methali, tukanyamaza.

Mimi ni fundi nguo. Mimi nimeangalia koti.

Irudisheni picha. Isimamisheni. Hapo:
vifungo kushoto, matundu kulia.
Koti lile limeshonewa mwanamke.
Na wala halimbani. Kalizoea
kama mtu anavyozoea nyumba aliyoachiwa.

Nikawaambia: ni la dada yake.
Dada mkubwa, mrefu, aliyeuza ndizi mshare Mbuyuni
asubuhi za Julai, ukungu mpaka magotini,
ili mdogo wake ajue hesabu.
Kisha akaenda machimboni kuwapikia watu.
Likarudi koti.

Ndiyo maana jiwe likipungua yeye anajua.
Mizani anaiweka kwa ajili yao.

Naogopa watakachomfanyia.
Watampa bastola, watampa hawara wa Njiro,
watampa kovu na sababu ya kovu.
Wakimpa bastola nazima.

Kiondo akacheka: "Fundi, wewe nawe!
Mtu wa mavazi kaja sokoni, kaokota la kwanza,
hakujua kushoto wala kulia."

Nikainama kutia uzi kwenye sindano
iliyokuwa na uzi tayari.

Maana alikuja kweli, mwaka juzi, mwezi wa baridi,
kijana na gari kutoka Arusha,
akaniomba "koti la mtu mbaya, lakini si sana."
Akalichukua lile la kahawia, hakuvuta bei.
Halikutoka kwenye robota.
Lilikuwa la mama mkwe, Ndeonasia,
kalivaa ibadani miaka thelathini,
na mfuko wa kulia niliuziba mimi
kwa uzi wa kijani, mweusi uliponiishia.
Nililiuza matanga hayajapoa. Ada ilikuwa inadaiwa.
Ndizi aliuza yeye. Sikutunga mbali.

Usiku, wote wakishafunga, natazama dakika zile peke yangu,
simu nimeiegemeza kwenye gurudumu la cherehani.
Anapima kwa mkono wa kushoto.
Wa kulia uko mfukoni, mwanzo hadi mwisho,
kauzika pale pale kwenye uzi wangu,
kama uzi upo,
kama koti ndilo.

Miaka kumi na miwili kabla, basi. Sina haja
ya kujua aliiba nini, alimpenda nani.
Wasimbadilishie koti.
Na mahali fulani, kwenye mvua, au mlangoni kwa mtu,
autoe mkono.